Nimeamua kura yangu ya urais, nyumbani wananiita mamluki

*"Nina miaka 41, nauza dagaa mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Kwetu ni Urambo, nimeolewa Ujiji. Nimeshaamua nitakayempigia kura ya urais. Si wa chama cha baba yangu na si wa chama cha ukweni, na mbunge nitamchagua wa chama kingine tena. Nililitamka hilo kwenye arobaini ya mtoto wa wifi yangu, tangu siku hiyo sina amani. Baba, mkulima wa tumbaku mwenye miaka 72, alinipigia simu kuniuliza nani kanipa hela. Mawifi wananiita mamluki kwenye kundi la WhatsApp la familia. Shemeji atakuwa wakala wa chama chake kituoni kwetu na anasema atajua tu nimempa nani. Mume wangu ananiambia 'wape sababu yaishe'. Lakini nikitaka kutoa sababu maneno yananikwama, naishia kusema 'nampenda tu'. Je, nalazimika kueleza? Nikieleza, nianzie wapi? Na ni kweli kumpa kura mtu asiyeweza kushinda ni kuitupa?"*

Dada yangu, pole kwa ile simu ya baba. Kuulizwa na mzazi wako "nani kakupa hela" kwa jambo ulilolifikiria mwenyewe kunauma. Nimefundisha elimu ya mpiga kura katika vijiji vya Tabora na Kigoma kwa miaka mingi, na tuhuma ya hela naisikia kuliko tuhuma nyingine yoyote, hasa wanaporushiwa wanawake. Watu wanaona tabu kuamini kwamba mama muuza dagaa amekaa, akapima, akaamua. Wewe umefanya hivyo. Ulichopungukiwa ni maneno, na hayo yanapatikana.

Nianze na shemeji, maana mwenye hofu hawezi kueleza jambo likaeleweka. Shemeji hawezi kujua kura yako. Siku ile jina lako litatafutwa kwenye daftari, utapewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, kisha utaingia kwenye kituturi peke yako. Humo ndani hakuna wakala, hakuna mume, hakuna askari. Utaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha unayemtaka, utakunja karatasi, na kila moja utaitumbukiza kwenye sanduku lake. Wino wa kidoleni unaonyesha kwamba umepiga kura, hauonyeshi umempa nani. Kazi ya wakala ni kuhakikisha masanduku yalikuwa matupu asubuhi, wanaopiga kura ndio walioandikishwa, na hesabu ya jioni ni ya haki. Zikimwagwa mezani kuhesabiwa, karatasi hazina majina. Atajua mgombea wake kapata kura ngapi kituoni hapo, basi. Tena wakala hula kiapo cha kutunza siri kabla ya kuanza kazi, na unayo haki ya kumkumbusha hilo kwa upole akikutania mbele za watu.

Hapo nakuomba uangalifu wa mambo mawili. Usiandike jina lako wala alama yoyote ya kukutambulisha kwenye karatasi, kura itaharibika. Na mtu akikuambia upige picha ya karatasi yako kwa simu "ili tuamini," kataa, hata kama ni ndugu wa damu. Mnunuzi wa kura siku zote hukosa kitu kimoja, ushahidi kwamba alichokinunua amekipata. Picha inampa hicho.

Sasa, unalazimika kueleza? Kisheria hulazimiki kwa mtu yeyote, mume akiwemo. Kwa undugu ni habari nyingine, na hapa nitasema ninavyoona mimi. Mumeo mweleze, maana anakusikiliza na anabeba maneno ya ndugu zake kwa niaba yako. Baba mweleze, kwa sauti, si kwa ujumbe. Mawifi usiwaeleze kwenye kundi la simu hata kidogo. Mtu akiwa mbele ya watu ishirini wanaosoma, hakujibu wewe, anawajibu wao, na hawezi kurudi nyuma hata ukimshawishi. Waambie tu, "Mawifi zangu, hayo tutaongea tukikutana," halafu uendelee kutuma habari za watoto. Shemeji hana anachokudai, na wewe hudaiwi kumpa maelezo.

Baba yako ndiye ningependa tumfikirie zaidi, kwa sababu naamini yeye haulizi unachodhani anauliza.

Mzee wa miaka 72 alianza kupiga kura ya urais mwaka 1975. Wakati huo karatasi ya rais ilikuwa na jina moja. Ulisema Ndiyo au ulisema Hapana. Mwaka 1975 na 1980 jina lilikuwa la Mwalimu Nyerere, mwaka 1985 na 1990 la Ali Hassan Mwinyi. Mtu aliyesema Hapana hakuonekana kama amemchagua mwingine, maana mwingine hakuwepo. Alionekana kama amewakataa wenzake. Kwa hiyo baba alijifunza ujanani, tena kwa kurudia, kwamba kura ya urais ni kusema "mimi ni wenu." Hata Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi, ilipozunguka nchi mwaka 1991, wananchi wengi iliyowahoji walitaka chama kimoja kiendelee. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992 na kura ya kwanza ya urais yenye ushindani baada ya hapo ikapigwa mwaka 1995, baba alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Anapokuuliza nani kakupa hela, swali lililo chini yake ni, "Mwanangu, bado uko nasi?" Ukimjibu kwa ilani na takwimu utakuwa umejibu swali ambalo hakuuliza. Mjibu lile kwanza: niko nanyi, baba, na ndiyo maana nakupigia wewe kabla ya mtu mwingine.

Lakini baba huyohuyo anajua kuchagua mtu. Miaka ileile ya chama kimoja, kura ya mbunge ilikuwa na wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Mwulize alikuwa anachagua vipi kati ya jembe na nyumba. Chama hakikumsaidia hapo, wote wawili walikuwa wa chama. Ilibidi apime mtu: huyu tumemwona akifanya nini, yule kaahidi nini, nani anarudi kijijini baada ya kuapishwa. Wazee wengi wa Urambo na Sikonge nikiwauliza swali hilo huchangamka na kusimulia kwa nusu saa. Mwache asimulie. Akimaliza, mwambie nawe ndivyo ulivyofanya safari hii kwa urais.

Na hili la kuchanganya vyama kwenye karatasi tatu, usiruhusu mtu akuambie ni ukigeugeu. Mkoa wako wenyewe umewahi kuonyesha hivyo kwa uwazi kabisa. Mwaka 2010 chama cha NCCR-Mageuzi kilishinda majimbo manne tu nchi nzima, na yote yalikuwa Kigoma: Muhambwe, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Kigoma Kusini. Mgombea urais wa chama hichohicho, mwaka huohuo, hakufikisha hata asilimia moja ya kura nchini. Maana yake maelfu ya watu wa Kigoma waliingia kituturini wakampa mbunge wa chama kimoja na rais wa chama kingine. Hawakuwa mamluki. Walikuwa wanajaza nafasi mbili tofauti.

Hapo ndipo ningependa maelezo yako yaanzie, kwenye nafasi. Unaposema "nampenda tu," unazungumzia mtu, na anayemchukia mtu huyo hana pa kuingilia isipokuwa kubishana nawe kuhusu moyo wako. Ukianza na kazi, mna meza ya pamoja. Mwenye mtumbwi hapo Kibirizi akitafuta nahodha, watu hawabishani nani anampenda nani. Wanaulizana kama anaujua upepo.

Rais wa Tanzania ana kazi gani hasa? Wengi wetu tunambebesha kila kitu, kuanzia choo cha stendi mpaka bei ya sukari, kisha tunamchagua au kumkataa kwa mambo ambayo hana mkono nayo. Choo cha stendi, ushuru wa soko, taka na zahanati ya mtaa ni mambo ya halmashauri kwanza, hayo mpelekee diwani. Rais anamteua Waziri Mkuu, ambaye Bunge linamthibitisha. Anateua mawaziri, majaji, wakuu wa mikoa na wa wilaya. Ni Amiri Jeshi Mkuu. Anatia saini miswada ili iwe sheria. Serikali yake ndiyo inayoandaa bajeti anayokwenda kuijadili mbunge wako, na ndiyo inayokaa meza moja na Burundi, Congo na Zambia mambo ya ziwa yakijadiliwa.

Hilo la ziwa unalijua kuliko mimi. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Wewe ulikuwa na meza ya dagaa. Uamuzi ule haukutoka kwa diwani wala kwa mkurugenzi wa manispaa. Hiyo ni karatasi ya rais kabisa. Angalia pia jinsi jambo moja linavyoweza kuwapeleka watu wawili waaminifu kwa wagombea wawili tofauti: mmoja atasema namchagua aliyelifunga, kwa sababu bila kulifunga wanangu hawatamwona samaki aitwaye mgebuka, mwingine atasema namkataa, kwa sababu mama lishe na wachuuzi waliachwa miezi mitatu bila cha kushika. Wote wana jambo lilelile mkononi, kinachotofautiana ni uzito. Ukifika hapo na baba, mmeshatoka kwenye "nani kakupa hela." Mnabishana kuhusu uzito, na ubishi wa namna hiyo hauvunji undugu.

Kabla hujamweleza mtu, jiulize wewe mwenyewe maswali magumu. Kama mgombea wako angevaa fulana ya chama usichokipenda, ungempa kura? Mwaka 2015 nchi nzima ilipewa mtihani huo, Edward Lowassa alipotoka CCM na kugombea kupitia CHADEMA. Wapo waliomfuata mtu, wapo waliobaki na chama, na wapo waliokuwa wakimsema vibaya jana yake wakaanza kumsifu, au wakimsifu wakaanza kumsema vibaya, bila yeye kubadilika chochote ila kofia. Kundi hilo la mwisho ndilo lililopata shida kujieleza, na haikushangaza. Kuchagua chama ni sababu halali kabisa, maana rais hatawali peke yake, anakuja na watu wake. Ila ujue kwamba ndiyo sababu yako, uiseme hivyo.

Jiulize pia ni habari gani ingekubadilisha. Kama hakuna hata moja, basi hujafikia uamuzi, umefikia mapenzi. Na utaje kasoro moja ya kweli ya mgombea wako. Nakusisitizia hili kwa sababu nimeliona likifanya kazi mara nyingi kuliko hoja yoyote ya akili: mtu akisikia unakiri kasoro ya unayemtaka, mabega yake yanashuka. Anajua hujatumwa.

Tabora tuna mfano mkubwa wa jambo hili. Januari 1958 TANU ilikutana hapa kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walikuja wakiwa wamekasirika, na walikuwa na haki. Mwalimu Nyerere hakuwaambia kwamba utaratibu ule ni mzuri. Alikubali ni mbaya, kisha akawaonyesha kitakachotokea wakisusa, kwamba viti vitachukuliwa na chama cha United Tanganyika Party kilichokuwa kikiungwa mkono na serikali ya kikoloni. Mkutano ukakubali kushiriki, na ukaitwa uamuzi wa busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, na mwaka 1962 akasimama dhidi ya Nyerere kugombea urais. Baba yako ni mtu wa mkoa huu, habari hii anaijua. Mpangilio wa maneno ya Mwalimu siku zile unaweza kuuazima jinsi ulivyo: taja ubaya unaoujua, kisha taja kinachokufanya uchague hivyo pamoja na ubaya huo.

Usisahau mgombea mwenza. Watu wengi hawamtaji kabisa wanapoeleza kura yao, na mimi huwa naona ni pengo kubwa. Machi 17, 2021 Rais Magufuli alifariki dunia, na Machi 19 Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais, aliapishwa kuwa Rais, bila uchaguzi mpya, kama Katiba inavyotaka. Makamu aliyefuata, Dkt. Philip Mpango, alitoka hapohapo Kigoma, Buhigwe. Picha ya pili kwenye karatasi ina uzito. Mtazame naye, kisha useme umemwonaje.

Baada ya hapo maneno yatakuja. Yanaweza kuwa mafupi hivi: "Baba, shikamoo. Nimekupigia kuhusu kura. Hakuna aliyenipa hela. Mimi nimeangalia kazi ya rais katika mambo yanayonigusa, ziwa na mpaka, nikaangalia fulani alifanya nini alipokuwa na madaraka na mwingine anaahidi nini. Fulani ana kasoro hii, naijua. Lakini kwa hili la ziwa namwamini zaidi. Wewe kwa tumbaku unaonaje?" Hilo swali la mwisho usiliache. Mkulima wa tumbaku wa Urambo ana sababu zake za kweli, bei, wanunuzi, malipo kuchelewa, na hajaulizwa na binti yake. Akikujibu, sikiliza mpaka mwisho. Inawezekana ukapata jambo la kukuyumbisha. Hiyo nayo si aibu.

Swali lako la kura kutupwa linahitaji jibu la wazi, na lina pande mbili. Kwa Katiba yetu mshindi wa urais ni anayepata kura nyingi kuliko wengine. Zamani alitakiwa kuvuka nusu, sharti hilo likaondolewa mwaka 2000. Hakuna duru ya pili, tofauti na Kenya ambako mgombea asipovuka nusu watu wanarudi vituoni. Kwa hiyo ni kweli kwamba hutapata nafasi nyingine ya kuchagua kati ya wawili wa mwisho. Kama jambo linalokusukuma zaidi ni kumzuia fulani asiingie, basi kumpa kura mtu wa tatu hakukusaidii, na usijidanganye. Pia, viti maalum vya wanawake bungeni hugawanywa kwa kura za wabunge, kwa vyama vilivyopata angalau asilimia tano. Kura ya urais haileti viti hivyo. Ukitaka chama chako kipate sauti bungeni, karatasi ya mbunge ndiyo yenye kazi hiyo.

Upande wa pili ni huu: anayekuambia mtu wako hawezi kushinda mara nyingi ni yule anayetaka kura yako. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alishinda kwa asilimia 80.28. Miaka mitano baadaye, mtu yuleyule, alishinda kwa asilimia 62.8. Mwaka 2015 John Magufuli alipata asilimia 58.46 dhidi ya 39.97 za Lowassa. Asilimia hizo walioshindwa hawakuingia Ikulu nazo, lakini kila mwanasiasa nchini alizisoma, na aliyeshinda akajua ana watu wangapi wa kuwashawishi. Kura yako inahesabiwa na inaandikwa. Kama inatosha kwako au haitoshi, hilo pima mwenyewe, sitakupimia.

Kuna hali ambazo nakushauri usieleze chochote. Mtu akiwa amelewa, akiwa na hasira, akiwa anakurekodi, au akiwa na mamlaka ya kukunyima riziki, kama mwenye fremu yako au anayekukopesha mtaji. Hapo "kura ni siri" ni jibu kamili, wala si la kiburi.

Na maneno yakigeuka vitisho, usikae nayo ndani. Ikiwa mtu ameichukua kadi yako ya mpiga kura, au shemeji anaendelea kusema atawaona watu kura zao, nenda mapema kwenye ofisi ya msimamizi wa uchaguzi iliyoko halmashauri yako, usisubiri siku yenyewe. Ukitishiwa kupigwa, kufungiwa ndani au talaka kwa sababu ya kura, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au mtafute msaidizi wa kisheria wa kata au wilaya, ambaye kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 anakuhudumia bila malipo. Kama wamekulazimisha kula kiapo kwa msahafu au kwa Biblia kwamba utampa fulani, usibaki na mzigo huo peke yako, mwone sheikh au mchungaji unayemwamini, ana kwa ana. Popote utakapokwenda, beba simu yenye zile jumbe bila kuzifuta, na karatasi uliyoandika nani alisema nini, siku gani, mbele ya nani.